Bafuni si mahali pa kuweka dawa

Familia nyingi mjini huweka dawa katika kabati dogo la bafuni. Hilo ni kosa. Mvuke wa maji moto hupenya kabatini na kuharibu vidonge hata kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Aspirini, kwa mfano, ikipata unyevu huvunjika na kutoa harufu ya siki. Ukisikia harufu hiyo, usiimeze.

Kabatini acha miswaki, dawa ya meno, sabuni na pamba. Dawa zihamishie chumbani, mahali pakavu, joto lisizidi digrii 30, juu wasipofikia watoto. Ziache katika pakiti zake. Zilizopitwa na wakati, muulize mwuzaji dawa namna ya kuzitupa.