Gunia la mboga mlangoni: tujifunze kwa wakazi wa Lubaga

Ndugu mkazi wa kambi, huko Lubaga, mojawapo ya divisheni tano za Jiji la Kampala, nyumba za Nateete na Ndeeba zimebanana. Hata hivyo wako wanaochuma sukuma wiki mlangoni, kwenye gunia lililojaa udongo.

Kwa nini wahudumu wa afya tunazungumzia kilimo? Mahindi, maharagwe na mafuta hushibisha, lakini majani ya kijani hayamo. Mtoto aliyekosa vitamini A hushindwa kuona vizuri jioni, na surua ikimpata humlemea. Mama mjamzito naye huishiwa damu.

Anza mvua za pili zinapoingia, mwezi wa tisa. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na ubaridi huo sukuma wiki huupenda. Sia mbegu kwenye karai kuukuu lenye matundu; baada ya wiki nne hivi miche iko tayari.

Changanya udongo na samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi, tena ina vijidudu vya kuharisha. Simamisha katikati ya gunia mkebe usio na kitako, ujaze kokoto, zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu na kujaza tena mpaka gunia lijae. Wengi huiacha nguzo hii ya mawe, halafu hushangaa miche ya chini ikikauka: maji hayakuifikia. Toboa ubavuni, tundu hadi tundu upana wa kiganja, upande.

Maji uliyooshea mchele yanafaa kumwagilia. Ya mtaro usiyaguse! Mfereji wa Nalukolongo, unaopita huko Lubaga, hubeba uchafu wa makazi na wa viwanda. Vijidudu unaweza kuviosha. Risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiosheki.

Chuma majani ya chini kuanzia wiki ya sita au ya nane, ubakize matano ya juu. Dodo (lengalenga kwa ndugu zetu wa Kongo) huwa tayari mapema zaidi. Kabeji tunakushauri uiache: hukaa miezi mitatu, unaila siku moja.

Osha majani kabla ya kuyakata, uyapike kwa muda mfupi na mafuta kidogo. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma.