Meza ya mchezo nyumbani: Pima chumba kabla ya kutoa fedha

MTU anayejenga nyumba kisiwani Mafia, iwe ya kuishi na familia au ya kupokea wageni wanaofika kutazama papa potwe, huenda akafikiria kutenga chumba cha burudani. Bao halimsumbui, kwani linatosha barazani. Ugumu huanza anapotaka meza kubwa. Meza ikishavuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, kisha ikakataa kuingia chumbani, kuirudisha ni gharama nyingine.

Tuchukue mfano wa shafobodi, mchezo ambao wachezaji husukuma visahani vizito vya chuma juu ya meza ndefu ya mbao, kila upande ukiwa na visahani vinne. Anayefikisha kisahani chake mbali zaidi bila kukiangusha ndiye anayepata alama. Meza ya mashindano ina urefu wa futi 22, yaani takriban mita 6.7. Za nyumbani huanzia futi 9, zipo pia za futi 12, 14 na 16. Ubao wa kuchezea wa meza ya mashindano una upana wa inchi 20 tu, lakini ukijumlisha mifereji ya pembeni na fremu, meza nzima hufikia karibu futi mbili na nusu.

Kosa la kawaida ni kupima meza na kumsahau mchezaji. Katika mchezo huu watu husimama kwenye ncha za meza, hivyo kila ncha inahitaji angalau futi mbili zilizo wazi. Meza ya futi 9 inadai chumba cha futi 13, ya futi 12 inadai 16, na ya futi 22 inadai 26. Pembeni panatosha futi moja na nusu kila upande. Ni dhahiri basi kwamba chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho mafundi wetu wamekizoea, hakifai hata kwa meza iliyo fupi kuliko zote hizo.

Meza ya pool ina hesabu tofauti, kwa sababu fimbo huvutwa nyuma pande zote nne. Ile ya futi 7, ikichezwa kwa fimbo ya kawaida ya inchi 58, inahitaji chumba cha takriban futi 16 kwa 13.

Hapa ndipo ujenzi wa kale wa pwani unapotupa funzo. Katika nyumba za mawe za Waswahili, dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kwa kawaida upana huo haukuzidi mita tatu, huku urefu ukiachwa uendelee. Chumba cha namna hiyo ni chembamba mno kwa pool, lakini umbo lake linaafikiana na meza ndefu na nyembamba ya shafobodi.

Aidha, zipo nyumba zenye ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Ubao mrefu usiokunjika utapita ukumbini bila shida, lakini hautaweza kukata kona kuingia chumba cha pembeni. Mwenye nyumba anaweza kushawishika kuiacha meza ukumbini. Hata hivyo, ukumbi ni njia ya familia nzima. Siku ya harusi hupitisha sinia za pilau, na siku ya msiba hupitisha jeneza. Burudani isizibe njia hiyo.

Jambo jingine ni hali ya hewa. Unyevu na hewa ya chumvi ya kisiwani hupinda mbao na kutia chuma kutu. Meza iwekwe mbali na dirisha linaloingiza mvua au jua kali, juu ya sakafu iliyosawazishwa, na ibaki nafasi ya kuingia chini yake. Meza bora za shafobodi zina vyuma chini ya ubao vya kurekebisha mpindo, na fundi asipoweza kuvifikia havina faida.

Asiye na nafasi bado ana keram, mchezo uliozoeleka pwani. Ubao wake ni wa mraba, sehemu ya kuchezea ikiwa na takriban sentimita 74 kila upande. Watu wanne huuzunguka wakiwa wameketi, ndani ya kile kile chumba cha futi 10, na mchezo ukiisha ubao huegemezwa ukutani.

Kabla ya kuagiza meza yoyote, chukua chaki uchore umbo lake sakafuni kwa vipimo kamili, pamoja na nafasi ya wachezaji. Fungua milango yote, kisha uache mchoro huo kwa wiki moja huku familia ikiendelea na shughuli zake. Iwapo kila mmoja analazimika kuukanyaga mstari kila anapopita, chumba kimekwishatoa jibu, na fedha bado zimo mfukoni.