Fanksheni na Mlango Wake

Haya wanangu, sogeeni. Kwenye mtandao wa Ethereum kuna programu zinazotunza fedha za watu bila karani. Tunaziita mikataba mahiri. Mkataba ni nyumba, na fanksheni ni mlango wake. Tumsikilize mmoja.

“Mimi naitwa Weka. Nimeandikwa kwa lugha ya Solidity, hivi: function weka(uint kiasi) public. Kwanza neno function, kisha jina langu. Kwenye mabano ni kile ninachopokea: namba. Mwisho ni neno la kusema nani anifungue.”

“Kwani si kila mtu anaweza kumfungua, Mjomba?”

Ahaa! Hilo ndilo swali lenyewe, mwanangu. Akiandikwa public, anafunguliwa na yeyote, wa ndani na wa nje. External ni mlango wa wanaokuja kutoka nje. Internal ni wa wenye nyumba na watoto wao, yaani mikataba iliyorithi. Private, hata watoto hawaufungui. Ila private haifichi kitu: yaliyomo ndani bado yanasomeka na mtu yeyote kwenye mtandao.

“Na kufungua ni bure?”

Ukibadilisha kilichohifadhiwa ndani, unalipa ada iitwayo gesi. Mlango wa kuchungulia tu huandikwa view, na ukichungulia kutoka nje hulipi.

“Je, mwandishi akisahau kusema nani afungue?”

Hongera kwa kuuliza! Zamani, akisahau, Solidity iliuacha mlango wazi kwa wote. Julai 2017 hilo liliumiza watu. Pochi za kampuni ya Parity, yaani mikataba ya kutunzia fedha, zilikuwa na fanksheni iitwayo initWallet, kazi yake kuandika jina la mwenye pochi. Ilipaswa kuitwa mara moja tu, pochi inapoundwa. Haikuandikwa nani afungue, wala haikuuliza kama pochi tayari ina mwenyewe. Mwizi akaiita, akajiandika kuwa mwenye pochi. Hakuvunja kufuli. Aliondoka na zaidi ya etha 150,000, etha ikiwa ndiyo sarafu ya Ethereum.

“Na sasa je?”

Sasa, tangu toleo 0.5.0 la Novemba 2018, Solidity haikubali usahaulifu huo. Acha neno la ruhusa, na kompaila, ile inayogeuza maandishi yako yawe programu, itagoma. Itakuonyesha mstari ulipokosea, na mkataba hautatoka mpaka useme mlango ni wa nani.