Je, Wajua? Gitega na Muyinga, Miji ya Kukutana

Je, wajua kwamba mji mkuu wa kisiasa wa Burundi si Bujumbura tena? Januari 2019 Bunge lilipitisha uamuzi wa kuipa Gitega hadhi hiyo, na Bujumbura, iliyoko kando ya Ziwa Tanganyika, ikabaki mji mkuu wa kiuchumi. Gitega iko katikati ya nchi, milimani, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Sensa ya 2008 ilihesabu humo watu wasiofika 42,000. Mji wa kiasi hicho ukikabidhiwa shughuli za dola, hawaji maofisa peke yao. Huja na wapangaji, mafundi, mama lishe na wachuuzi, na kila mtaa hupata majirani wageni.

Wajua kwamba hii si mara ya kwanza kwa Gitega kupokea wageni wa namna hiyo? Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia hapo makao ya utawala wao wa Urundi kutoka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Pamoja nao walikuja askari na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili. Kabla ya hapo lugha hii ilikuwa imeishia ufukweni mwa ziwa, kwa sababu Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi 1908, aliwazuia wafanyabiashara wa pwani na kiongozi wao Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, wasiitwae nchi yake ya milimani. Lugha tunayoisherehekea kila Julai 7 iliingia nyanda za juu za Burundi ikiwa imevaa buti. Ni haki kulikumbuka hilo tunapoisifia.

Je, wajua kwamba Burundi ya jadi haikuwa na vijiji? Kila familia ilikaa katika rugo lake, ua uliozungukwa na migomba na mashamba, juu ya kilima chake. Jirani alikuwa ng'ambo ya shamba. Hata mwaka 2008 ni kama Mrundi mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa akiishi mjini. Kwa hiyo mtaa wa nyumba zilizobanana, ambapo unasikia redio ya jirani na unajua leo amepika nini, ni maisha mapya kwa familia nyingi za Gitega na za Muyinga, mji ulio karibu na mpaka wa Tanzania. Wanayajifunza sasa hivi, mbele ya macho yetu.

Wajua namna ya kusalimiana huko? Mkono wa kulia unatolewa, na wa kushoto unaushika huo wa kulia karibu na kiwiko. Ndiyo heshima. Kijana humfanyia mzee, muuzaji humfanyia mteja, na watu wazima hufanyiana wao kwa wao. Mikono ikiwa na udongo au maji, mtu hunyoosha kigasha ukishike hicho. Salamu ya kila mahali ni "amahoro", yaani amani. Ipo na ya zamani zaidi, "amashyo", ambayo mtu anakutakia makundi ya ng'ombe, nawe unaitikia "amashongore", heri ya ng'ombe vilevile. Huitamka hata mtu wa mjini ambaye hana mbuzi mmoja. Mgeni anayeanza na "bei gani?" kabla ya yote hayo hutajiwa bei, lakini ameshajionyesha kuwa ni mtu wa kupita.

Je, wajua kwamba ukitoka Tanzania na kuvuka mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga, unapata saa moja ya bure? Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ikiwa Kabanga, upande wa Ngara, Tanzania, ni saa nne asubuhi, Kobero ni saa tatu. Kisha Warundi, kama sisi, wakisema Kirundi huhesabu saa kuanzia mapambazuko: isaha zitatu ni saa tatu. Lakini karani yuleyule akihamia Kifaransa atakuambia "neuf heures", saa tisa kwa hesabu ya Kizungu, na muda ni uleule. Mfanyabiashara wa Muyinga anayemsubiri mwenzake wa Ngara hana budi kuuliza mambo mawili kabla ya kukubali miadi: saa ya nchi gani, na ya lugha gani. Watoto waliokulia mpakani huyajua haya kabla hawajafundishwa kusoma saa shuleni.

Wajua kwamba hapohapo Kobero magari hubadili upande wa barabara? Tanzania huendesha kushoto, Burundi kulia. Wakati huohuo magari mengi ya Burundi yana usukani wa kulia, kwa kuwa yaliagizwa yakiwa yametumika na kupitia bandari ya Dar es Salaam. Matokeo yake ni jambo utakaloliona ukipanda Probox, gari dogo linalobeba abiria mikoani. Dereva ameketi upande wa ukingo wa barabara na haoni kinachokuja mbele ya lori analotaka kulipita. Aliyekaa mbele kushoto ndiye anayeona. Abiria huyo, ambaye labda hajawahi kumwona dereva kabla ya asubuhi hiyo, huchungulia na kusema: bado, bado, haya twende. Maisha ya watu wote garini yamo katika neno la mgeni, na safari huendelea.

Wajua kwamba Muyinga si mkoa tena? Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa hadi mitano. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi ziliunganishwa kuwa mkoa wa Buhumuza, makao yake Cankuzo. Mji wa Muyinga umebaki palepale, na watu wake wataendelea kujiita wa Muyinga kwa muda mrefu.

Je, wajua kwamba Wahutu, Watutsi na Watwa wana lugha moja? Wote husema Kirundi, na hakuna kilima cha kabila hili wala bonde la kabila lile; wamechanganyika nchi nzima. Mtu wa nje anayeijua Burundi kwa majina mawili ya makabila na habari za vita hajaijua bado. Sokoni Gitega watu hutofautishwa kwa mengine mengi: huyu alisomea Bujumbura, yule amerudi kutoka ukimbizini Tanzania, huyu ni mlokole, yule ni Mwislamu, wale ni Wakongo.

Na Watwa, ambao husahaulika katika hesabu hiyo? Ni wafinyanzi wa tangu zamani, na vyungu vyao viliivisha maharage ya Warundi kabla sufuria hazijaingia. Katiba ya 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Viti hivyo ni jambo jema, lakini bado wako wanaowanunulia chungu na kukataa kuketi nao meza moja. Hilo linapaswa kukoma.

Wajua kwamba katika sensa ya 2008 Waislamu walikuwa asilimia 2.5 tu ya Warundi, na bado Idi zote mbili ni sikukuu za taifa? Muyinga ni miongoni mwa sehemu wanakoonekana zaidi. Huko adhana na kengele ya kanisa husikika mtaa mmoja. Jimbo Katoliki la Muyinga lipo tangu 1968, na misikiti ipo. Siku ya Idi sahani za pilau huvuka ua, na Krismasi huvuka kwa upande wa pili.

Naomba nitoke kidogo Gitega na Muyinga, kwa sababu jambo hili lazima lisemwe. Je, wajua kilichotokea Buyenzi? Huo ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, tangu enzi za Wabelgiji. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, nchi iliingia katika mauaji, na katika miaka iliyofuata mitaa ya Bujumbura iligawanyika mmoja baada ya mwingine: huu wa Wahutu, ule wa Watutsi, na aliyebaki upande usio wake alihatarisha roho. Buyenzi haikugawanyika. Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi humo pamoja, na waliokimbia mitaa ya jirani walihifadhiwa majumbani. Watu wale walikuwa wamezoea kuulizana kuhusu swala, biashara na ukoo, na kabila lilikuja nyuma sana. Kila ninapowasikia watu wakisema kwamba mchanganyiko mijini huleta fujo, huwakumbusha Buyenzi.

Wajua kwamba Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru wa Burundi, alizaliwa Gitega mwaka 1932? Miongoni mwa waliomuunga mkono mapema ni wafanyabiashara Waislamu wa Buyenzi. Aliuawa Oktoba 13, 1961, chini ya mwaka mmoja kabla ya uhuru.

Wajua kwamba mtoto wa shule ya msingi Burundi hukutana na lugha nne darasani? Ni Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili.

Lakini Kiswahili cha Muyinga hakikutoka darasani. Kimekuja kwa miguu. Huko Gasorwe ipo kambi ya Kinama, wanakoishi wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, na Kiswahili chao cha Kivu husikika katika masoko ya jirani. Kutoka upande wa pili wanarudi Warundi waliokuwa wakimbizi Tanzania. Waliokimbia mauaji ya 1972 waliishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka 30. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao, na ukarimu huo haujasifiwa vya kutosha duniani. Waliochagua kurudi walirejea na watoto waliosoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Baada yao wakaja waliokimbia machafuko ya 2015, wengi kutoka kambi za Nduta na Nyarugusu, na Kobero ni mojawapo ya malango yao.

Mfikirie mtoto wa hao waliorudi. Ana jina la Kirundi, na bibi yake humwimbia kwa Kirundi, lakini hesabu alijifunza kwa Kiswahili. Anafika darasani, mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, anarudishwa madarasa mawili nyuma, na wenzake wanamwita Mtanzania. Jioni, mtoto yuleyule anakwenda sokoni, na kila mfanyabiashara anayetaka kuongea na dereva wa lori la kutoka Dar es Salaam anamwita aje akalimani. Shule ilimwona mjinga na soko likamwona mali. Nadhani soko liliona sawasawa.

Wajua kwamba Jumamosi asubuhi ni zamu ya kazi za pamoja? Watu hutoka na majembe kuzibua mitaro, kufyeka nyasi au kujenga madarasa. Mgeni wa mtaa ambaye hajui pa kuanzia kujuana na watu aanzie hapo.

Wajua kwamba impeke, pombe ya mtama, hunywewa na watu kadhaa kwa mirija kutoka chungu kimoja? Na asiyekunywa pombe hawekwi kando: huletewa Fanta, jina ambalo huko hutumika kwa soda yoyote, awe Mwislamu, mlokole au mtoto.

Je, wajua kwamba ngoma za Burundi zina hekalu? Liko Gishora, kilomita saba hivi kutoka Gitega. Lilianzishwa na Mwami Ntare Rugamba katika karne ya 19, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Wapigaji huingia uwanjani wamebeba ngoma kichwani huku wakizipiga. Huzipanga nusu duara, na idadi yake haigawanyiki kwa mbili. Katikati iko Inkiranya. Ngoma ziitwazo Amashako hushika mdundo mmoja usiokatika, Ibishikizo hufuata Inkiranya, na mmoja mmoja hutoka mstarini, akaruka juu, akaja kuipiga ile ya kati. Hakuna anayeimiliki, kila mtu ana zamu. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2017 amri ya rais ikawakataza wanawake kuzipiga. Vikundi vya wanawake wapiga ngoma vilikuwapo, na kwangu amri ile ni hasara kwa urithi wenyewe.

Wajua kwamba Khadja Nin, mwimbaji aliyekipeleka Kiswahili kwenye majukwaa ya Ulaya katika miaka ya 1990, ni Mrundi?

Na mwisho, je, wajua kuhusu maktaba ya Muyinga? Ilikamilika mwaka 2012, kwa michoro ya kampuni ya BC Architects ya Ubelgiji na kwa mikono ya watu wa hapohapo, ikiwa sehemu ya mradi wa shule ya watoto viziwi. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, udongo wa eneo hilohilo, na paa ni la vigae vya udongo juu ya boriti za mikaratusi. Upande wa mtaani una baraza ndefu, kama nyumba za Burundi zilivyo, ili mpita njia apate kivuli hata asipoingia kusoma. Ndani, juu ya rafu za vitabu, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani. Watoto hupanda, wakalala humo na kitabu, anayesikia na asiyesikia ubavu kwa ubavu.

Wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, mji huu uko mwendo mfupi kutoka Kabanga, na watoto wanaosoma Kiswahili wapo. Malori yenu yanapita hapo kila siku yakielekea Gitega na Bujumbura. Pakieni na vitabu.