Milima Isiyo na Barabara Kaskazini mwa Kibirizi: Ni Nani Mwenye Kuamua?

Anayetaka kufika Gombe kutoka Kigoma huenda kwanza Kibirizi, penye mwalo wa dagaa, akapanda mtumbwi wa injini pamoja na wachuuzi na magunia yao. Barabara ya gari haifiki katika hifadhi ile. Kusini, katika Milima ya Mahale, hali ni hiyo hiyo: wageni hufika kwa maji, kisha hutembea kwa miguu.

Katika mahubiri yetu neno "nyika" hutukumbusha Yohana Mbatizaji na mahali pasipo makao ya watu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 nayo iliieleza nyika kuwa nchi ambamo mwanadamu ni mpitaji tu. Maelezo hayo hayaikai vema Kigoma. Watongwe waliishi katika miteremko ya Mahale, nao Mlima Nkungwe ulikuwa mtakatifu kwao. Wengi walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970, na hifadhi ya taifa ikatangazwa mwaka 1985. Kwa hiyo mhubiri asiyataje maeneo haya kana kwamba Mungu aliyaumba bila wenyeji.

Hata hivyo, sababu za kuiacha milima bila barabara ni nzito. Barabara ikipasua msitu hufuatwa na mkaa, mbao na mashamba. Sokwe nao huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapata wale wa Gombe. Tena miteremko hii ni mikali mno. Ikifyekwa kwa ajili ya mihogo na michikichi, mvua huusukuma udongo ziwani, ukafunika mawe ambamo samaki wengi huzaliana, na vijito hupungua wakati wa kiangazi. Mvuvi anayedhani msitu ni jambo la wanyama peke yao hajaihesabu hasara yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vya nje ya Gombe vilikuwa vimebaki karibu vitupu. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE. Wanavijiji walipoulizwa haja zao, walitanguliza maji, afya na shule. Mradi ulipoyasikiliza hayo, mazungumzo juu ya miti yakapata masikio. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliwapa wanakijiji nguvu iliyo yao: Halmashauri ya Kijiji huandaa mpango wa matumizi ya ardhi, Mkutano Mkuu wa Kijiji huujadili na kuupitisha, na msitu uliotengwa hulindwa kwa sheria ndogo. Vijiji kadhaa jirani na Gombe vimetenga miteremko yao kwa njia hiyo.

Lakini mama mwenye uchungu wa uzazi usiku, upepo ukiwa umechafua ziwa, ndiye anayelipa gharama ya kukosa barabara. Luther, akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, anahesabu ndani ya mkate wa kila siku hata hali njema ya hewa, serikali njema na majirani waaminifu. Basi kijito kinachotoka msituni ni mkate wa kila siku, na zahanati pia. Katika Mwanzo 2:15 kitenzi cha Kiebrania kinachohusu kulima, *abad*, ndicho pia kitenzi cha kutumikia. Adamu anapewa bustani aitumikie.

Kwa maoni yangu Kanisa litetee milima hii ibaki bila barabara, ila kwa sharti: wanaobeba mzigo wawe ndio walioamua. Mchungaji aliye kando ya ziwa ahudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji, aombe ramani isomwe kwa sauti, aulize mashamba ya wajane gani yamo ndani ya mpaka, na kabla ya mkono wowote kunyoshwa, aulize boti ya wagonjwa itatoka wapi, na mafuta yake yatalipwa na nani.