Masasi na Newala Siku ya Watani wa Jadi

Mgeni anayeingia Masasi asubuhi ya siku ambayo Simba na Yanga wanakutana Dar es Salaam hana haja ya kuuliza kuna nini. Bodaboda zimefungwa vitambaa, nyingine vyekundu na vyeupe, nyingine vya kijani na njano. Sokoni Mkuti muuza nyanya amevaa jezi juu ya gauni lake, na jirani yake wa meza ya dagaa, ambaye ni wa upande wa pili, hajibu salamu mpaka kwanza amtupie neno. Ukipanda kwenda Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, hali ni hiyo hiyo, ila huko upepo wa jioni una baridi, na vijana wanaojazana kwenye mabanda ya video huvaa makoti juu ya jezi zao, wakayavua bao likiingia ili rangi ionekane.

Kutoka huku hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Wengi wa mashabiki hawa hawajapata kukanyaga uwanja ambao mechi inachezwa. Hata hivyo uwanja wenyewe una jina la mtu wa hapa. Rais Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938, akazikwa huko huko Julai 2020, na Uwanja wa Taifa unaochukua watu 60,000 ukapewa jina lake mwaka huo huo. Watu wa Masasi hawachoki kuwakumbusha ndugu zao wa Dar es Salaam kwamba watani wa jadi, popote walipo, huwa wanachezea kwetu.

Mapenzi haya yaliletwa na redio. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miaka mingi Simba ilijulikana kwa jina la Sunderland, mpaka lilipobadilishwa mwaka 1971. Zote mbili ni za Kariakoo, lakini sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilizifikisha kila palipokuwa na betri. Baba alisikiliza chini ya mkorosho, mtoto akakaa karibu yake, na timu ikarithiwa pamoja na shamba. Ndiyo maana mzee wa Newala anaweza kukusomea historia ya nchi kwa mabao: tano za Yanga mwaka 1968, sita za Simba mwaka 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, kisha tano za Simba Mei 2012. Mwaliokuwepo hamjasahau Oktoba 2013, Yanga walipoongoza kwa mabao matatu hadi mapumziko, Simba wakayarudisha yote. Na vijana wa leo hawana neno isipokuwa Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba mabao matano kwa moja.

Tunalisema kwa masikitiko kidogo kwamba mapenzi hayo hayakupata kuhamia nyumbani. Ndanda FC, timu ya Mtwara iliyobeba jina la mji wa Ndanda ulio hapa Masasi, ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka mwaka 2020. Simba au Yanga ilipokuja Uwanja wa Nangwanda Sijaona, wenyeji wengi waliketi majukwaani wakiwa na rangi za wageni.

Lakini mapenzi yenyewe yana adabu yake, na adabu hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Watu husema watani wa jadi kana kwamba ni jina la magazetini tu. Kusini si hivyo. Huku utani ni jambo la ukoo na kabila. Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera wamekuwa wakitaniana tangu enzi za mababu, na mtani ana haki ambazo ndugu wa damu hana. Anaweza kukuita mchoyo mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako, nawe ukikasirika ni wewe uliyekosa. Siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayefika mapema, akafanya kazi za shughuli, akawachekesha waliofiwa, na akajitwalia ujira wake wa utani bila kuona haya. Utani ni kamba ndefu, lakini imefungwa kwenye nguzo ya kusaidiana.

Mashabiki wa Masasi na Newala waliuingiza mpira ndani ya desturi hiyo. Aliyefungwa anajua kwamba kesho yake asubuhi atapelekewa vidole vitano vilivyonyooshwa, au ataulizwa mbele ya watu kama amepata usingizi. Wapo wanaoahidiana kilo ya sukari kwa majirani, na aliyefungwa akaipeleka mwenyewe huku amejitanda khanga ya mkewe kichwani. Tumeona pia safu za kuupokezana mchanga makaburini, wa Simba na wa Yanga wamesimama bega kwa bega, siku mbili tu baada ya mechi iliyowafanya wasielewane kijiweni.

Si sisi peke yetu tulio hivi. Hispania, nchi inayotajwa kila mpira unapozungumzwa, ina Real Madrid na Barcelona, na hizo nazo ni timu za kurithiwa. Vilabu hivyo viwili vinamilikiwa na wanachama wake, na kadi ya uanachama huhesabiwa kuwa jambo la familia: babu, mtoto na mjukuu huketi safu moja uwanjani. Madrid wakitwaa kombe, watu humiminika kwenye chemchemi ya Cibeles, na nahodha hupanda kulifunga skafu sanamu la mungu wa kike wa kale lililopo hapo, jambo ambalo msomaji wetu atalitazama kwa jicho lake. Barcelona wao hukusanyika kwenye bomba la maji la Canaletas. (Madrid yenyewe, tuseme kwa kupita, iliasisiwa na Waislamu katika karne ya 9 zama za Amiri Muhammad wa Kwanza wa Cordoba, wakaiita Majrit.) Na kwa kuwa vijana wetu wengi wana timu mbili, moja ya Kariakoo na nyingine ya Hispania au Uingereza, shauku ya huko imekuwa sehemu ya usiku wa hapa. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki, wakati wa baridi yao, huanza saa tano usiku kwa saa zetu. Zinakwisha karibu saa saba, na mwezi Desemba adhana ya Alfajiri husikika huku Newala kabla ya saa kumi na moja. Hesabu hiyo kila mzazi anaweza kuipiga mwenyewe.

Ya watani wa jadi ina hesabu nyingine. Mechi ikianza saa kumi na moja jioni mwezi Novemba, jua la Masasi huchwa kipindi cha pili kikiwa katikati. Hapo ndipo banda la video hujaribiwa. Wapo wenye mabanda ambao huzima sauti adhana inaposikika, na wapo wasiozima. Wapo vijana wanaotoka mmoja mmoja kwenda msikitini na kurudi mbio, na wapo wanaojipa moyo kwamba wakati wa Magharibi unaendelea mpaka wekundu wa mawingu utoweke. Hilo ni kweli katika madhehebu yetu ya Shafi, ila jamaa iliyoswaliwa bila wao haiwarudii. Mwaka 2025 pambano la Machi 8 liliangukia ndani ya Ramadhani na kupangwa kuanza baada tu ya futari, saa ambazo watu wanajiandaa kwa Isha na Tarawehe. Likaahirishwa siku ileile kwa mvutano wa vilabu na wasimamizi wa ligi, na waliosafiri kutoka mikoani wakarudi bila kuona kitu. Lilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda mawili kwa bila. Maimamu kadhaa, tuna hakika, hawakusikitishwa na kuahirishwa huko.

Wala hatusemi kwamba kutazama mchezo ni kosa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha ili atazame mpaka atosheke mwenyewe. Tunawaomba akina baba wayafikirie maneno hayo ya mwisho. Mume alisimama, mke akatazama. Katika nyumba zetu mara nyingi ni kinyume: baba yuko bandani hadi usiku, mama ameachwa na watoto, naye huenda ni mnazi wa Simba kuliko yeye na anafuatilia mabao kwa kelele za majirani. Familia zilizonunua king'amuzi na kuketi pamoja, mama akitamba na baba akinuna, zimeongeza kicheko nyumbani, na mtoto amejua baba yake yuko wapi saa mbili usiku.

Linalotutia hofu ni jingine. Ni mkeka.

Tunasema juu ya ule wa kubeti, si ule wa ukindu. Umeingia mikononi kwa njia ya simu, nao haudai uende popote. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18, lakini simu ya baba haimuulizi mtoto umri wake. Na umeingia pamoja na timu zenyewe: mwaka 2017 Simba na Yanga, ambazo hazikubaliani hata juu ya rangi ya mlango, zilitia saini mkataba na kampuni moja ileile ya kubashiri, ndani ya mwezi mmoja. Hispania nayo iliyapitia hayo, kwani Real Madrid walivaa kifuani jina la kampuni ya kamari kuanzia 2007 hadi 2013. Mwaka 2020 serikali ya huko ilitoa amri iliyoyaondoa makampuni ya kamari kwenye jezi za vilabu na kuyabana matangazo yake. Nchi hiyo haikufanya hivyo kwa ajili ya dini. Iliona vijana wake wanavyokwenda.

Kwetu huku jambo hili lina majira. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba, na fedha za mnada huingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi wakati huohuo ambao ligi imepamba moto. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa msimu, uliohusisha korosho za Newala na Tandahimba, ulivusha bei juu ya shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakashukuru. Tarehe 19 ya mwezi huohuo Simba na Yanga wakakutana, na Yanga wakashinda kwa bao moja, ambalo beki wa Simba alijifunga mwenyewe. Hebu msomaji amfikirie mkulima aliyepalilia na kupulizia salfa miezi yote, akaweka sehemu ya malipo yake juu ya mechi ile, fedha yake ikaondoka kwa mguu wa mtu ambaye hakukusudia.

Kesho yake asubuhi mtani wake anafika na vidole vyake. Zamani angepata kicheko. Safari hii anamgusa mtu penye jeraha asilolijua, kwa sababu aliyefungwa hakupoteza mechi tu. Amepoteza ada ya mtoto, na mkewe hajaambiwa. Kejeli iliyozoeleka inajibiwa kwa ngumi au kwa kununiana kwa miezi. Na yuko mwingine wa ajabu zaidi: aliyebeti timu yake mwenyewe ifungwe. Huyo hana tena pa kusimama kijiweni. Ikishinda anaumia, ikifungwa anaona haya. Utani unahitaji watu wawili ambao hawana wanachonyang'anyana, na kamari imekuja kuweka kitu katikati yao.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametaja katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, kwamba shetani anakusudia kwa ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Yeye na wasiswali. Tulipozisoma aya hizo tukiwa tumetoka kwenye banda la video, hatukuhitaji mfano wa mbali. Mambo yote mawili yalikuwa yametajwa.

Zipo nyumba ambazo zimeshapata njia. Tunazijua familia kadhaa, Newala na Masasi, ambazo fedha ya mnada haiguswi kabla baba na mama hawajaketi na karatasi. Huandikwa ada na sare za shule, salfa ya msimu ujao, bati za chumba kilichobaki, deni la duka. Watoto wakubwa huitwa wasikilize. Chini kabisa, kama kimebaki kitu, huandikwa jezi moja ya mtoto, ya rangi atakayoichagua mwenyewe, na zipo nyumba ambazo baba wa Yanga ameitoa fedha hiyo akijua kabisa itanunua nyekundu.