Maana ya Mpaka Katika Vita vya Wajir

Neno "mpaka" katika Kiswahili lina kazi mbili: lataja ukomo wa ardhi, na tena laonyesha ukomo wa wakati. Maana hizi mbili zilikutana, kisha zikagombana, katika vita vya koo za Kisomali huko Wajir, kaskazini-mashariki ya Kenya, kati ya 1992 na 1995.

Serikali ya kikoloni ilichora mistari ya malisho, ikautenga kila ukoo mahali pake. Lakini kwa mfugaji wa ngamia ardhi si mstari. Ni visima na njia za kuviendea, na mgeni huruhusiwa kunywesha mifugo yake mpaka mvua inyeshe kwao. Ukame wa 1991 na 1992 ulipozidi, na bunduki zikaingia kutoka Somalia baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, ruhusa hiyo ilikatika. Waajuran, Wadegodia na Waogaden wakapigana.

Uadui uliingia hata katika soko la mji wa Wajir, ambako wanawake wa ukoo huu walikataa kuwauzia wa ukoo ule. Mwaka 1993 wanawake wa koo mbalimbali, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walipatana kwamba soko liwe wazi kwa wote, wakaweka waangalizi wa mapatano hayo na kamati ya kuamua magomvi. Kisha wakawaendea wazee. Usuluhishi ulishikwa na wazee wa koo ndogo, ambao hawakuogopwa na upande wowote. Na mwaka huo huo likatolewa Azimio la Al-Fatah, lililoweka taratibu za kurejesha amani. Mwaka 1995 juhudi za wanawake, wazee na vijana ziliunganishwa na serikali ya wilaya katika kamati moja ya amani na maendeleo.

Raia hao hawakufuta mstari wowote, wala hawakuchora mpya. Walichorudisha ni ruhusa ya kupita, kuuza na kunywesha. Wachunguzi wa vita huuliza ni nani aitawalaye ardhi. Wajir yaonyesha kwamba yapasa kuulizwa pia ni nani aruhusiwaye kuitumia, na kwa muda gani. Ila ramani hudumu hata wachoraji wake wakifa, lakini ruhusa haina budi kufanywa upya kila kiangazi, na watu walio hai.